Kwa mleta mada: kipengele cha kusitisha michango ndicho kitakachowamaliza

Mleta mada, usisaini huo mkataba na mfadhili. Mengine tutaongea, kalamu iweke chini kwanza.

Umeuliza mambo mengi kwenye uzi wako: kikundi kisajiliwe wapi, andiko la mradi liwe la Kiswahili au Kiingereza, posho ya kamati iwe kiasi gani, watia saini wa benki wawe wangapi. Halafu kule chini kabisa, kwenye sentensi ambayo nusu ya wachangiaji hapa wameiruka, ukaandika kwamba mfadhili ameomba msimamishe michango ya kaya kwa miaka yote mitatu ya mradi "ili hesabu zisichanganyike na wananchi wapumue", na kwamba kamati imeshakubali kwa sababu ni jambo dogo.

Hilo dogo ndilo lililotumaliza sisi.

Kwetu ni Upareni, kule juu milimani, Wilaya ya Same. Tangawizi, migomba, na barabara ambayo masika yakianza dereva anasali kabla ya kuwasha gari. Tulikuwa na mfuko wetu kabla hatujajua kwamba duniani kuna watu wanalipwa mshahara kufundisha habari za mifuko kama hiyo. Kila kaya ilitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, msimu wa tangawizi ukifika inaongeza 10,000, na asiyekuwa na hela alihesabiwa siku ya kazi kwenye msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja ya kijiji. Mweka hazina alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, na mfumo wake wa fedha ulikuwa kaunta buku, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu. Vijana wetu walioko Dar na Arusha walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na wao ndio waliokuwa wakileta fungu nene.

Mfuko ulifanya kazi tatu. Ulilipa gari la kumteremsha mgonjwa usiku. Ulitengeneza mabomba ya maji ya mserereko yanayotoka kwenye chanzo msituni. Na ulinunulia yatima sare na madaftari, maana elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 ada iliondoka, sare haikuondoka.

Ila nguvu ya ule mfuko hukuiona kwenye kiasi cha fedha. Uliiona siku ya mkutano. Kila robo mwaka yule mama alisimama na kusoma majina yote: nani ametoa, nani bado, fedha imeenda wapi. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye mchango wake wa mwezi ule ulikuwa shilingi 500, na akausimamisha mkutano mzima akitaka aelezwe kwa nini koki ya inchi moja imenunuliwa Same mjini kwa bei ile wakati Mwanga ipo kwa bei nafuu. Tulimchukia siku hiyo, jua linazama na mzee hakai chini. Leo nikikumbuka naona tulikuwa na mkaguzi wa hesabu wa daraja la kwanza, na hatukumlipa hata soda.

Ndipo likaja shirika. Silitaji, na usiniulize inboksi. Makao yake Ulaya, ofisi yake ya nchi Dar, na kati yake na sisi kulikuwa na shirika jingine la hapa nchini, kisha mratibu wa wilaya, kisha ndiyo sisi. Wakatuletea mshauri mwelekezi wa kutuandaa. Mkuu, huyu bwana alijua kuongea! Viatu vyake havikuwahi kushika tope, sijui alikuwa anapita wapi. Aliendesha warsha ya "kuhamishia madaraka kwa wananchi" kwenye hoteli moja ya Moshi, na wananchi hawakualikwa kwa sababu bajeti ya malazi haikutosha. Tukaenda wanakamati watano. Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo.

Yeye ndiye aliyekuja na hicho kipengele. Alituambia mambo mawili. Kwanza, kwamba wakaguzi wa kule hawataelewa fedha zinazoingia bila stakabadhi zinazotambulika, kwa hiyo michango itatuharibia hati ya ukaguzi. Pili, na hapa ndipo alipotushika, kwamba kuwatoza watu maskini wakati mradi upo ni kinyume na sera ya mfadhili, na ni aibu. Akauliza, akiwa ametulia kabisa: "Kwa nini bibi atoe elfu mbili wakati kuna euro?" Nani angejibu swali hilo mbele ya watu akiwa na sahani ya kuku mkononi?

Mimi nilikuwa katibu. Nikarudi kijijini, nikaitisha mkutano mkuu, nikatangaza kwamba kuanzia mwezi ule hakuna kaya itakayodaiwa mchango hadi mradi uishe. Vigelegele vilipigwa. Kuna mama alinirushia kitenge.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Tenki jipya, vituo vya kuchotea maji vilivyopakwa rangi, pikipiki ya kamati, bango kubwa barabarani lenye nembo nyingi kuliko maneno. Wakatuletea mhasibu kijana mwenye laptopu. Yule mama wa kaunta buku akastaafishwa kwa mara ya pili maishani. Ripoti zikaanza kuandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa Dar, Dar inapeleka Ulaya. Mkutano wa kusoma majina haukuwa na maana tena: majina gani, na ya nini? Badala yake tukawa na vikao vya kamati, na vikao vikawa na posho, na posho ilipopanda vikao navyo vikaongezeka, muujiza ambao wachumi wataueleza.

Wananchi waliacha kuuliza. Hilo ndilo nataka ulione, kwa sababu wakati linatokea sisi tulidhani ni utulivu. Yule mzee wa koki alikuja mkutanoni akakaa nyuma, hakunyanyua mkono. Nilimuuliza baadaye mbona yuko kimya siku hizi. Akanijibu, "Hela si yangu, nitaulizia nini?"

Kisha masika. Udongo uliporomoka juu karibu na chanzo, ukalichukua bomba la inchi mbili na nguzo zake. Hii haikuwa mara ya kwanza. Zamani likitokea jambo kama hili, mbiu inapigwa alfajiri, watu wanapanda na majembe na mapanga, wamama wanafuata na makande, na kabla giza halijaingia maji yanatiririka, hata kama ni kwa kuunga na mpira wa baiskeli. Safari hii mbiu ilipigwa. Wakaja wanakamati, na baadhi yao walikuja kwa kudhani ni kikao. Wengine walisimama milangoni wakatuuliza: "Mradi unasemaje?" Vijana wawili watatu walisema wazi kwamba wakipewa posho ya siku wanapanda. Na kwa nini wasiseme hivyo? Sisi si ndio tuliowaonyesha kwamba kazi ya kijiji ina posho, ila ni ya watu wa kamati?

Tukaangalia bajeti ya mradi. Kulikuwa na fungu la mafunzo, fungu la ufuatiliaji na tathmini, fungu la fulana na kofia. Fungu la bomba kusombwa halikuwepo. Kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine kulihitaji barua, barua ipite kwa mratibu, kwa shirika la kati, Dar, kisha Ulaya, na Ulaya walikuwa kwenye likizo ya Pasaka. Tulikuwa na fedha benki na hatuna maji. Wamama wakarudi kuchota korongoni, maji ya masika yenye rangi ya chai ya maziwa, na watoto wakaanza kuhara.

Katikati ya hayo kuna mama alishikwa na uchungu usiku. Zamani mwenye gari alikuwa anawasha bila kuuliza, kwa sababu anajua asubuhi mfuko utamlipa. Sasa mfuko ulikuwa mtupu na yeye alijua ni mtupu. Alitaka fedha mkononi, na simlaumu, mafuta hayanunuliwi kwa huruma. Wakamteremsha kwa machela hadi kwenye barabara kubwa. Mama alijifungua salama, mtoto yuko hai, ameanza shule. Lakini mumewe huwa ananisalimia akitazama pembeni, na sijapata la kumwambia.

Mradi ulipoisha hatukuongezewa. Barua ilikuwa na aya mbili: walitushukuru, na vipaumbele vya mfadhili vilikuwa vimebadilika. Mshauri mwelekezi? Simu yake iliita ikakata. Nasikia sasa anaendesha warsha za uendelevu.

Tukasema sawa, turudi kwenye michango yetu. Hapo ndipo nilipojua gharama ya vile vigelegele. "Katibu, si wewe mwenyewe ulisema tumepumzishwa?" "Zile hela za wazungu mmemaliza kula?" Kitongoji cha juu walikuwa wameshaanzisha mfuko wao na hawataki kusikia wa kijiji. Vijana wa Dar, lile fungu nene, walishapeleka mchango wao kwingine, na wewe unajua kamati za harusi za Dar hazina huruma: ukishaingizwa kwenye kundi na kuandikiwa ahadi, kijiji kwenu hakina nafasi tena. Tulianza upya kwa shilingi 500 kwa kaya, tukamwomba yule mama arudi na kaunta buku yake. Alikubali baada ya kutusema kwanza, na alitusema vizuri. Mpaka leo hatujafikia nusu ya tulivyokuwa kabla hatujasaidiwa.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuandika kwamba michango inawaumiza maskini. Ni kweli inaweza. Hakuna aliyesahau michango ya kujenga maabara za shule ya mwaka 2014, mgambo wanapita nyumba kwa nyumba na kuku wa watu wanaondoka. Ile ilipangwa na watu wa juu, kiasi kikapangwa juu, na ukiuliza unaonekana mpinga maendeleo. Wapare tuna historia na mambo hayo. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka Same kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru ya enzi za mkoloni, wakapiga kambi pale bomani, kwa sababu hawakukubali mali zao zikadiriwe na watu wengine kwa vipimo visivyoeleweka. Watu wale wale walikuwa wakitoa siku zao kuzibua mifereji na kujenga ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia, bila kusukumwa. Mchango tulioupanga wenyewe, tukausamehe wenyewe kwa asiyeweza, na tukauhoji wenyewe, huo ulikuwa mali yetu. Ndio tuliousitisha.

Na usidanganyike na lugha nzuri iliyomo kwenye nyaraka zao. Lugha hiyo ina umri sasa. Mei 2016 kule Istanbul wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana, kwenye makubaliano yaliyoitwa Grand Bargain, kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ifike kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2022, miaka miwili baada ya tarehe yao wenyewe, iliyofika moja kwa moja ilikuwa kama asilimia 1.2. Novemba 2021 Samantha Power, aliyekuwa akiongoza USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, naye aliahidi robo ndani ya miaka minne. Wakafika kwenye kumi kwa mia hivi, mbali na hiyo robo. Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikafunga bomba la fedha za misaada, na Julai 1 mwaka huo USAID yenyewe ikafungwa rasmi. Ahadi, mwenye ahadi, ofisi ya mwenye ahadi, vyote havipo. Sisemi hao watu walikuwa waongo. Wengine walikuwa na nia kabisa. Nasema nia yao inapigiwa kura kwao, siyo kwenu, na siku wakipiga kura vingine ninyi mtapata barua ya aya mbili.

Wapo waliolifikiria jambo hili vizuri kuliko yule bwana wa viatu visafi. Kenya kuna KCDF, taasisi ya kusaidia mifuko ya jamii, ipo tangu 1997, na njia yao mojawapo ni hii: jamii ikusanye yake kwanza, wao waongeze juu yake, na sehemu iwekwe akiba izae. Desemba 2016 pale Johannesburg walikutana watu wa mifuko ya namna hii kutoka pande zote za dunia, na wito wa kuhamisha madaraka kwenda kwa wenyeji ukashika kasi kuanzia hapo. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba fedha za wenyeji, hata zikiwa chache, zinawapa kiti mezani. Maneno hayo hayo yule mshauri aliyatumia Moshi kutushawishi tuondoe kiti chetu. Sijui alisoma nusu ya karatasi, au alisoma yote akaona nusu inatosha kulipwa.

Kwa hiyo, kanuni yangu ni moja, na nitairudia kwenye kila uzi wa namna hii hadi moderata anifungie: mchango wenu usisimame hata mwezi mmoja. Upunguzeni mkitaka. Toka 2,000 shukeni hadi 500, hadi 200, msameheni asiyenacho. Lakini kaunta buku ifunguliwe kila mwezi, majina yasomwe, na wasioridhika na bei ya koki wapewe nafasi wasimame.

Mfadhili akileta hoja ya hesabu kuchanganyika, hoja hiyo ni halali na dawa yake ni nyepesi: akaunti mbili. Ya mradi ikae peke yake, ya kijiji ikae peke yake, watia saini tofauti. Mwambie afute kipengele kile na badala yake aandike hivi, nakiri nimeandikiwa na mwanasheria mmoja baada ya kuumia: "Michango ya wanajamii itaendelea kukusanywa, kutunzwa na kutumiwa na wanajamii wenyewe kupitia akaunti yao, na haitakuwa sehemu ya fedha za mradi wala ya ukaguzi wake." Akikataa sentensi hiyo, muulize kwa utulivu anaogopa nini. Mkiwa na ujasiri zaidi, ombeni aweke shilingi juu ya kila shilingi mtakayokusanya, kwa mfuko wa ukarabati tu. Hapo bibi wa elfu mbili anakuwa ameleta elfu nne, na ataziulizia zote.

Kingine, wasije wakauandika mchango wenu kwenye ripoti yao kama mafanikio ya mradi. Sisi waliuandika msaragambo wetu kuwa "mchango wa jamii wa nguvu kazi", wakaupigia thamani ya fedha, na mwaka ule ule msaragambo ukawa unakufa. Kwenye karatasi ulikuwa unastawi.

Kuhusu posho, umeuliza kiasi gani. Kwa kikao cha mfuko wa kijiji, sifuri. Kwa vikao vya mradi wao, walipe wao wanavyotaka, lakini kiasi kisomwe hadharani kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu wanaopanda mlimani bure. Utaona kitakavyoshuka chenyewe.

Usajili wa kikundi uanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, yeye atawaambia kama kiwango hicho kinatosha au mpande ngazi. Kuna kaka hapo juu, mchangiaji wa tatu, ameeleza vizuri kuliko mimi. Mambo ya andiko na lugha yake waachie wengine, mimi maandiko yameshanitoka moyoni.

Umesema mnasaini Ijumaa. Basi kabla ya hapo kipige picha hicho kipengele, ziba majina ya watu na ya shirika, kiweke hapa. Na usiite kamati peke yake kukijadili. Ita mkutano mkuu, na yule mtu wenu msumbufu wa bei za koki, ninyi nanyi mnaye, mtumie boda kabisa aje.